Udongo Uliomuua Zakaria

Alhamisi, nyumbani Sakina. Manyunyu tangu alfajiri. Mlima Meru umejifunika wote.

Udongo ndio uliomuua Zakaria. Amesema hivyo leo asubuhi mhandisi wa umeme aliyeletwa na familia, akiwa amesimama shambani kwa marehemu, katikati ya kahawa na migomba, mbele ya wazee wa ukoo. Nilinukuu neno kwa neno. Sasa natamani angeumwa akabaki kwake.

Wiki tatu zilizopita mti uliangukia nguzo wakati wa mvua, waya ukalala ardhini. Zakaria alikuwa akikimbia kwenda kumfungua ng'ombe. Alianguka hatua chache kabla ya kuufikia waya, akafa palepale. Mwilini hakukuwa na alama. Nikaandika gazetini: "Hakuguswa na waya."

Ilikuwa kweli. Hata niliijivunia sentensi hiyo.

Ambacho sikukijua ni kwamba siku mbili kabla, Zakaria aligombana na mdogo wake, Elifuraha, kwenye masale, mimea ya mpaka iliyopandwa na baba yao. Elifuraha alipandwa na hasira akasema, majirani wakisikia: "Ardhi hii itakumeza!" Gazeti lilipofika kijijini hesabu ikawa fupi. Kama si waya, ni laana.

Niliposikia hayo nilikwenda Engutoto kwa mwalimu mstaafu wa fizikia. Alinicheka.

"Kwa hiyo wewe kila kinachoua lazima kiguse? Jua limeishika dunia miaka yote. Limeigusa wapi?"

Akanieleza uga, yaani eneo ambalo nguvu hufanya kazi bila kugusa. Waya ukilala kwenye udongo uliolowa, umeme husambaa ardhini, mkali karibu na waya, ukififia kadiri unavyokwenda mbali. Kila sehemu ya udongo ina kiwango chake cha umeme kabla hajapita mtu. Ukipiga hatua ndefu, mguu mmoja uko penye kiwango kikubwa na mwingine penye kidogo, na tofauti hiyo inapita mwilini mwako. Zakaria angetembea kwa hatua fupifupi, huenda angeishi.

Miaka yote nimeandika visababishi kana kwamba vina mikono. Lori limegonga. Kisu kimechoma. Sina sentensi ya kitu ambacho hakikutumwa na mtu, kilichokuwa tayari mahali pake mguu ulipofika. Nilimuuliza mwalimu chanzo hasa ni kipi: mti, mvua, waya, au ile haraka ya kumfuata ng'ombe?

"Fizikia inakupa tofauti kati ya mguu na mguu," alisema. "Kutafuta mwenye kosa ni kazi yenu wenye magazeti."

Mimi ndiye niliyeishawishi familia imlete mhandisi.

Alieleza vizuri. Alichora duara juu ya duara kwa kijiti, wazee wakiitikia kwa vichwa. Kisha akafupisha: "Kwa hiyo wazee wangu, waya haukumgusa. Ni udongo uliomuua."

Mwenyekiti wa ukoo akauliza taratibu, "Na mdogo wake alisema nini? Si ardhi?"

Mtu mmoja nyuma akaguna. Mwenyekiti akamshika mhandisi mkono. "Ahsante, baba. Umetuzungusha sana, kumbe tulishafika."

Elifuraha hakumtazama mhandisi. Alinitazama mimi.

Wazee wanamtaka apeleke jani la sale kwa mjane, aombe msamaha. Kwa mila, anayeletewa sale halikatai, lazima asamehe. Atasamehewa, na watoto wake watakua wakijua kwamba baba yao alimuua kaka yake. Asipolipeleka, ukoo utamtenga.

Nilimfuata hadi getini. Nilitaka kumwambia kwamba sentensi yangu haikuwa na kosa. Yeye akatangulia: "Ndugu mwandishi, Zakaria sijamlilia bado. Nikilia sasa watasema nimekiri."

Kwenye daftari niliandika saa.

Kikao cha ukoo ni Jumamosi, saa tisa alasiri. Mwenyekiti amenipigia simu jioni hii, kwa heshima zote, kuniita niwe shahidi wao. Nisisahau, amesema, kuja na lile gazeti.