Mkwe Aliyekufa Mara Nyingi

Jumatatu, tarehe 7 Machi, 2005. Kitale.

Nimekamua ng'ombe moja, hiyo ingine imekataa. Imepiga ndoo teke, maziwa yote chini. Wacha ikae na maziwa yake. Sasa nimekaa nyuma ya jikoni na redio, nimebonyeza ile kitu nyekundu, naongea. Mimi sikusomanga. Baba alisema msichana akisoma, nani atafunga majani ya tumbako? Huko kwetu Malakisi tulikuwa tunafunga tumbako mpaka mikono inakuwa chungu, ukila ugali unaonja tumbako. Haya. Hii redio ni Nanjala mtoto yangu alinitumia kutoka Moscow. Yeye anaongea kwa kaseti huko, anatuma. Mimi naongea huku, natuma. Hiyo ndio ilikuwa barua yetu. Sasa hakuna wa kutumia. Naongea tu.

Wekesa, ndugu yake, amekuja saa ya chai. Ati Mrusi anafika kesho.

Nikamuuliza, "Anafika kwa nani?"

Ni mume wa Nanjala. Arkadi. Nimechukia huyo mtu tangu mwaka jana na sijachoka.

Jumanne, tarehe 8 Machi.

Amefika. Mrefu, mzee, nywele nyeupe kama pamba. Wekesa amefungua mlango ya pikapu, mimi nikatoka nje nione. Huyo mtu akaniona. Hakusalimia. Alitoka kwa njia akaingia kwa majani ya ng'ombe, akanipa mgongo, kichwa chini. Akasimama hapo mpaka nikapita.

Mama Njeri, jirani yangu, alikuwa kwa ua anachungulia. Huyo mama ni wa kutoka Nyeri, yeye na kucheka hawaachani. "Ala! Mama Wekesa, mzungu yako amekukataa! Ama umemtisha na hiyo uso?"

Hajui. Kwao hawana hiyo. Sisi Wabukusu, mkwe hakushiki mkono. Hakuli na wewe. Halali chini ya mabati yako. Mkikutana kwa njia, anatoka. Huyu amefanya yote kama mtu alizaliwa Bungoma. Hata mabega aliangusha vizuri.

Hapo ndio nilikasirika. Kwa sababu mimi najua kazi yake. Kazi yake ni kuigiza. Anaigiza mkwe. Kwa boma yangu!

Amelala kwa Wekesa. Sikupeleka hata maji.

Jumatano, tarehe 9 Machi.

Maisha yake yote naijua, Nanjala aliniwekea kwa kaseti. Sikuuliza. Baba yake alienda vita, hakurudi. Mama yake alikuwa anafagia mabehewa ya treni. Yeye akataka shule ya kuigiza, wakamfukuza, akarudi, wakamfukuza tena. Ati sauti ni ndogo. Akawa anaenda kwa mto kupigia mashua kelele mpaka sauti ikakuwa kubwa. Mimi ningemwacha kwa mto.

Wakamchukua. Miaka mingi anabeba tu sinia kwa jukwaa. Anaingia na sinia, anatoka na sinia, neno hana. Halafu wakamweka kwa sinema ya vita. Alikuwa askari, akakufa mapema, picha hata haijashika moto. Watu wakapenda vile alikufa. Kwa hivyo wakawa wanamwita kufa. Alikufa kwa theluji, kwa mto, kwa kitanda ya mfalme. Watu walikuwa wanalipa kiingilio waone huyo mtu akikufa. Halafu nchi yao ikavunjika, jukwaa ikakosa moto, wakawa wanaigiza na makoti. Akafanya matangazo ya sabuni.

Nanjala alikutana naye kwa jino. Alikuwa amesomea meno, na huyu akaletwa shavu imefura, na jioni anatakiwa kwa jukwaa. Akamng'oa. Mimi ningeng'oa yote.

Mwaka jana Nanjala akakuja nyumbani mgonjwa. Hakupona. Na bwana yake? Alikuwa kwa sinema, mbali kwa barafu, simu hakuna. Alijua tukishazika.

Huyo mtu amekufa mara nyingi na bado anakula ugali kwa Wekesa. Nanjala alikufa mara moja tu.

Alhamisi, tarehe 10 Machi.

Mzee Wanyama ametuma neno kutoka Bungoma. Huyo ni ndugu ya marehemu mzee wangu, mkubwa wa boma. Jumamosi ni ukumbusho ya Nanjala huko, na kaburi itawekwa simiti. Msalaba pia, ya simiti. Fundi ataandika na msumari kabla haijakauka. Sasa ataandika nini?

Sababu iko hivi. Nanjala alizikwa kando, karibu na ua, kama msichana hakuolewa. Si hakuna mwanamume alisimama hapo akasema huyu ni wangu? Wanyama anasema mambo ya mkwe ni ya mama mkwe. Mimi nikimkubali Mrusi, itaandikwa mke wa Arkadi. Nikikataa, itaandikwa binti ya baba yake na itakuwa hivyo milele, na Mrusi apande ndege.

Nitakataa. Nimesema nitakataa.

Nanjala akiwa kwa kitanda aliniambia, mama, atakuja, usimfukuze. Nilinyamaza. Kunyamaza si kukubali.

Wekesa amenibembeleza asubuhi yote. Nimemwambia aende akapande mahindi, watu wa Moi's Bridge wamemaliza kulima na yeye anazunguka na wazungu.

Ijumaa, tarehe 11 Machi. Bungoma.

Tumekuja na pikapu. Mimi mbele na Wekesa. Mrusi nyuma, juu ya magunia ya simiti, ametupa mgongo. Mkwe hawezi kaa na mimi. Mashimo yote ya barabara ilimpata. Nilimwambia Wekesa apite katikati ya hiyo mashimo.

Kufika, Mrusi amekuwa mweupe kabisa na hiyo vumbi ya simiti. Mke ya Wanyama akapiga kelele, "Mama Wekesa, kwani umemkaanga na unga?" Watu wakacheka. Yeye pia akacheka. Halafu akaniona, akaenda nyuma ya choo kujificha. Kila kitu sawa sawa. Kila kitu imekaririwa.

Lakini nimekuja na redio. Na kaseti moja ya Nanjala. Kesho watu wakikaa, nitacheza hiyo kaseti. Huyu atalia, najua atalia, kilio ya kulipiwa, mzuri mzuri. Hapo nitasimama niambie boma yote, mmeona? Hiyo ndio kazi yake. Halafu nikatae.

Jumamosi, tarehe 12 Machi.

Nimechoka. Niseme pole pole.

Watu walikuwa wengi. Pasta akaomba, akaomba tena, huyo hajuangi kumaliza. Fundi alikuwa amemwaga msalaba chini kwa mbao, iko maji maji, amechutama na msumari. Wanawake kwa mkeka na mimi. Wanaume ng'ambo ile. Mrusi mwisho kabisa, kwa mti ya parachichi, mikono bado na simiti ya kusaidia fundi, mgongo kwangu.

Nikaweka kaseti.

Nanjala akaanza. Kibukusu chake. Anauliza ile ng'ombe ya kahawia imezaa? Anasema leo theluji imefunika dirisha. Na nyuma yake mwanamume anapiga kelele kwa jikoni. Nanjala anacheka, anasema, "Mama, unamsikia? Nimemfundisha vile atakuwa mkwe. Ananikimbia mimi nyumba nzima, ati mimi ni wewe. Anakosea, anarudia. Anaogopa utamkataa."

Mrusi hajui Kibukusu. Neno hata moja. Lakini aligeuka.

Hakulia. Mdomo ilikuwa wazi tu, kama mtu amesahau kitu kwa nyumba. Akatembea. Akakanyaga mkeka na viatu. Akapita kati ya wanawake, wengine wakashika watoto. Akakuja mpaka kwangu, mimi, mama mkwe, akaanguka magoti, akaweka sikio kwa redio. Na mkono yake ikashika goti yangu. Ikashika kweli. Vidole vilikuwa vinaniuma.

Watu wakainua shingo waone. Hata pasta.

Kaseti ikaisha, hajatoa mkono. Ndio akaona ni goti ya nani. Akaruka nyuma kama amegusa jiko. Akatafuta kile Kiswahili yake, hakuna. Hajui aende wapi. Hiyo hakufundishwa.

Mzee Wanyama akasimama na fimbo. "Amegusa mama mkwe mbele ya boma! Ni faini. Kuku." Halafu akaniangalia, mjanja huyo. "Lakini mgeni hatuna faini yake. Mgeni tunamsamehe tu, anaenda. Sasa, shemeji, huyu tumsamehe ama alipe?"

Fundi akasema simiti inakauka.

Kusamehe ilikuwa rahisi. Na hiyo ingekuwa kumfukuza.

Nikasema, "Alipe. Na asilete kifaranga. Nataka kuku mkubwa."

Wanawake wakapiga vigelegele. Fundi akainama na msumari. Mimi nilitazama goti yangu. Ilikuwa na alama ya simiti.

Jumatano, tarehe 23 Machi. Kitale.

Mvua imeanza. Wekesa anapanda.

Mrusi alienda juzi. Kaseti Wekesa aliitolea kopi kwa duka ya Bungoma, akampatia. Mimi nimebaki na ya kwanza. Hakuniaga. Alisimama kwa majani ya ng'ombe, mgongo kwangu, mabega chini. Nilipita pole pole kidogo. Hiyo tu.

Simpendi. Niseme ukweli, bado.

Kuku ni mwekundu, analala kwa jikoni, mkali sana. Amemdona Mama Njeri.

Hiyo kaseti, zamani ikifika pale mwanamume anapiga kelele nyuma, nilikuwa napeleka mbele. Sikutaka kusikia. Leo nimewacha ikaenda. Anapiga kelele, anakosea, Nanjala anacheka. Anarudia.

Mvua imepiga mabati, nikaongeza sauti.