Mwalimu wa Mama Vivian

Kariobangi,
Alhamisi asubuhi.

Kwako dada Kamene,

Pokea salamu zangu na za Mama. Sisi hatujambo, ila mguu wa Mama bado unavimba akisimama sana. Natumaini huko Voi joto limepungua na mtoto ameacha kukohoa. Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu ya hapa nyumbani husomwa na kila mtu, na jambo hili sijamwambia yeyote: Mama Vivian anahama kwa sababu yangu.

Unamkumbuka, yule msusi Mganda wa ploti yetu, aliyekusuka siku ya harusi yako. Mwaka huu aliomba uraia wa Kenya, maana kibali chake kinaisha, na Vivian, aliyezaliwa hapa hapa, yuko kidato cha pili. Akaitwa mahojiano. Aliambiwa ataulizwa historia na mambo ya serikali, na Mama akanitoa mimi nimfundishe, akisema nimesoma historia miaka minne. Dada, niliiacha kidato cha tatu nikachukua jiografia. Badala ya kusema hivyo nikatafuta daftari lako la masomo ya jamii, lile la darasa la nane, nikaanza kazi.

Nilikuwa nakaa kwenye kistuli pale saluni, nikimpa nywele za kusukia huku nikimuuliza maswali. Wateja walinicheka sana. Mmoja aliniambia nipaze sauti, kwamba hata mbuzi wa soko la Kiamaiko wana sauti kunishinda. Siku nyingine huyo huyo, kichwa kimesukwa nusu, aliapa kuwa gavana huteuliwa na rais, wala hachaguliwi na wananchi. Mama Vivian akamwambia ashuke kitini ampishe Mkenya akae. Tulicheka mpaka nikasahau aibu zangu. Akaanza kuniita Mwalimu, na mimi nilipenda.

Nilijua mikoa ya daftarini ilikwisha, kwa hiyo nilimfundisha kaunti. Mengine nilimsomea kama yalivyoandikwa. Siku moja akaniuliza kama akila kiapo cha Kenya atabaki Mganda. Mama yake ni mzee, yuko peke yake Mbale, na hakutaka kuingia kwao kama mgeni. Nilifungua daftari nikamsomea kwamba mtu hawezi kuwa raia wa nchi mbili. Akichukua uraia wa huku, wa kule lazima aukane. Aliacha kusuka. Akaniuliza tena kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Na pale juu ya jalada mwaka ulikuwa umeandikwa, 2009, kwa mwandiko wako mzuri. Katiba mpya ya 2010 ilikuwa bado.

Jumapili moja baada ya ibada nikasikia vijana wa kanisa wakibishana juu ya jambo hilo. Nilirudi nyumbani nikatafuta kwenye simu. Siku hizi Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili. Uganda pia, mtu akifuata utaratibu wao. Mahojiano yalikuwa Jumatano.

Jumatatu nilienda saluni nikiwa nimekariri la kusema. Nilipoingia tu, Mama Vivian akawaambia wateja kwamba huyu ndiye Mwalimu wake, hajawahi kumdanganya hata neno moja. Nilikaa kwenye kistuli nikashika nywele mpaka jioni. Jumanne nilijifanya mgonjwa. Jumatano hakwenda kwenye mahojiano. Alisuka vichwa vinne.

Hizo ni wiki mbili sasa. Wanaondoka Jumamosi. Jana alikuja kumuaga Mama, akanishika mikono yote miwili, akanishukuru: eti bila mimi angewakana watu wake bila kujua. Vivian alibaki mlangoni akiangalia viatu vyake. Hajui hata lugha ya huko anakopelekwa.

Daftari lako halina kosa, dada. Kosa ni langu, tangu Jumapili ile.

Kesho, kabla hajauza viti vya saluni, nataka nimwambie. Pengine ofisini watampa siku nyingine, pengine watakataa. Barua hii inakuja na basi la leo, na najua namba yake unayo. Nakuomba usimpigie, wala usimwambie Mama. Nataka alisikie kutoka kinywani mwangu.

Msalimie shemeji, na mtoto umpakate kwa niaba yangu. Na ukisikia wameondoka Jumamosi na mimi sijasema kitu, dada, hata hapo usimwambie mtu.

Ni mimi mdogo wako,
Nzisa