Kalibu Yako Nyekundu Haiendi Jaani

Mama yangu uliyetangulia,

Vitu vyako tumeshavitolea sadaka, kama ulivyousia. Leso, mabuibui, masufuria, vyote vimepata wenyewe. Imebaki kalibu yako nyekundu ya silikoni, ile ya keki, iliyochanika ubavuni. Hakuna anayeitaka.

Wakumbuka khalati, nduguyo, alipokuletea kutoka Maskati? Uliikunja, ukaiachia, ikarudia umbo lake, ukacheka mpaka ukakaa kitako. Kalibu za bati zilikuwa zikiliwa na chumvi ya hewa ya kisiwani kwetu Amu kabla hata hatujazizoea. Hii ilituokea keki za Idi miaka na miaka, nawe karatasi za kuokea ukazipiga marufuku jikoni.

Niliipeleka gatini kwa bwana anayenunua chupa za plastiki. Akaivuta, akaipinda, akanirudishia.

"Dada, hii si plastiki. Haiyeyuki ikaundwa upya. Wapo wanaoisaga, lakini ni mbali, na wanataka shehena."

Kaka Athumani akasema, "Itupe jaani, kipande cha mpira hicho!"

Nilipandwa na hasira, Mama. Nikamkumbusha punda wetu, yule uliyemlilia siku daktari wa wanyama alipompasua tumbo akakuta limejaa mifuko iliyookotwa huko huko jaani. Siku ile ulisimama mlangoni ukatwambia, "Takitupa wapi kitu, na nti ni hii moya?" Kweli, nchi tunayo hii moja tu. Athumani aliposikia hayo akaenda zake msikitini.

Basi nikaamua. Nimechukua mkasi, na roho ikaniuma kweli. Nilikata huku nalia. Kitako chake sasa nakitumia kuwekea sufuria ya moto. Ubavu nimeukata vipande, nikavifunga chini ya miguu ya mbuzi yako ya kukunia nazi. Khalati nimempigia simu kumwambia akija asilete nyingine, keki tutaziokea kwenye masufuria yangu. Ameniita mkaidi kama wewe, mamangu. Nikamjibu ahsante.

Binti yangu naye nimeshamwusia. Siku yangu ikifika, vipande hivi atavirithi yeye, na jaani haviendi.

Leo asubuhi nimekuna nazi peke yangu. Utotoni ulikuwa ukiniita niikalie mbuzi kwa nyuma, maana kwenye sakafu yetu ilikuwa ikiteleza kila ukikuna. Leo, juu ya vipande vya kalibu yako, haikusogea hata kidogo. Zamani nilikushikia mimi, Mama. Sasa wanishikia wewe.

Mola akupe nuru huko uliko.

Mwanao, kitinda mimba wako