Vitenge Vitatu vya Maman

Kamembe, Jumatano jioni

Bado nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani. Kesho nina mtihani juu ya sababu za uhalifu. Ile nadharia inayosema muntu hazaliwi mhalifu, anafundishwa na wale anaowapenda, nimeishika yote kichwani.

Na leo asubuhi nimevuka mpaka kutoka Bukavu nikiwa nimejifunga vitenge vitatu vipya vya Maman, kimoja juu ya kingine, ili tusivilipie ushuru. "Tembea polepole, usibaangalie mu macho," aliniambia, vilevile kama nilipokuwa na miaka saba. Muntu wa duane, yule anayetoza ushuru mpakani, alinisalimia. Niliitikia huku jasho linanishuka mgongoni.

Tulipofika nyumbani nilimwambia Maman kwamba hili ni kosa, ndilo ninalosomea. Akacheka. "Na ile masomo yako, unazani ililipwa na nini?"

Nilianza kuvifungua vile vitenge, kimoja kimoja.

Sasa hivi nimemkuta binti yangu sebuleni. Amemfunga mwanasesere wake vitambaa vitatu, anamtembeza kwenye mkeka, anamnong'oneza: "Usibaangalie mu macho."

Sijamfundisha hata neno moja. Asubuhi, pale mpakani, alikuwa amenishika mkono tu.