Mahindi ya Darini Yasiuzwe Yote

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje na baridi ya huko Mogitu? Na yule ng'ombe mwekundu, ameshazaa? Sisi huku kwenye mashamba ya miwa Kilombero tunapumua, ila mvua zilitutesa sana.

Mto ulifurika ukabomoa daraja, duka likabaki ng'ambo. Mimi, mama, nilikuwa nimezoea kununua unga wa kula usiku jioni ileile. Ndani hamkuwa na kitu, na kuni zilikuwa nje zimelowa. Mwanangu Neema naye akaanza kuharisha mpaka macho yakaingia ndani. Nikambeba mgongoni nikawa nazunguka chumba, sijui nianzie wapi.

Jirani yangu, mama mtu mzima wa huku, alisikia mtoto analia akaja mlangoni.

"Umemchemshia maji?"

"Sina kuni, mama."

"Na unga?"

"Nilitaka ninunue leo."

Hakunigombeza. Alitupeleka kwake. Chini ya kitanda alikuwa ameweka kuni kavu, na kwenye pipa mahindi, chumvi, sukari, na kiberiti kilichofungwa kwenye nailoni. Akachemsha maji, akatia sukari na chumvi kidogo, tukamnywesha Neema kijiko kwa kijiko. Tulikaa kwake mpaka boti ilipoanza kuvusha watu. Sasa mjukuu wako anakimbiza kuku wa majirani.

Nilikukumbuka, mama, wewe na magunia yako ya darini. Ndiyo maana barua ya mdogo wangu Emanueli imenishtua. Anasema malori ya wanunuzi siku hizi yanafika mpaka mlangoni, kwa hiyo auze mahindi yote, unga mtanunua kidogo kidogo. Mwambie dada yake anamwomba: auze yanayozidi, yabaki ya kula mpaka mavuno. Mke wake ni mjamzito, na lile korongo la njiani likijaa hakuna gari linalopita. Waweke kuni ndani, maji safi kwenye madumu, mafuta ya taa na nguo za mtoto. Mkunga naye aambiwe mapema.

Msalimie baba mdogo, na wifi yangu mwambie asibebe ndoo nzito.

Likizo nimeshaomba, nakuja na Neema. Tukifika usitume mtu dukani, mama. Tupikie kilichomo ndani.

Mwanao akupendaye,
Paskalina, Mama Neema