Nusu ya Barabara

Jumatatu, 27 Februari 1978

Mpunga ulikuwepo.

Nimeandika hivyo, na mkono haukukauka. Tangu Desemba nimeficha neno hili — nimewaficha kamati, polisi, hata mchungaji. Dereva wetu Mutahi alisema gari la klabu liliteleza juu ya mpunga uliokuwa umeanikwa kwenye lami pale Wang'uru, ndipo likatumbukia mferejini. Mimi ndiye mwenyekiti wa klabu yetu ya mbio za magari. Nikauliza mbele ya kamati kama kuna mwingine aliyeuona huo mpunga. Mtu mmoja akacheka, ati siku hizi madereva wanateleza juu ya pilau.

Mimi niliuona. Mimi ndiye niliyeruhusu uachwe pale.

Daktari amemwambia binti yangu Magdaline kwamba moyo wangu umechoka. Magdaline ananiambia ni baridi tu ya Tetu. Maisha yangu yote nimesikiliza watoto wa shule wakieleza kwa nini hawakufanya kazi. Namjua anayedanganya.

Jumamosi ya tarehe kumi na moja kamati itakuja hapa nyumbani. Mutahi apewe tena gari la klabu kwa mbio za Pasaka, au aondolewe kabisa? Kura zimegawanyika. Itaamua yangu.

Alhamisi, 2 Machi

Kulmiye amekuja kutoka Nanyuki. Yumo kwenye kamati, na anauza ng'ombe. Amekaa kitandani pangu bila kukaribishwa, akaanza kumpigania Mutahi.

"Mzee Moffat, fahali akijikwaa mnadani humchinji. Unamwinua, unamtazama kwato."

Nikamwambia huyu amejikwaa mara nyingi mno. Pale Naro Moru alipindua gari kwa sababu alikuwa akiwapungia wasichana mkono. Mwaka juzi alikosa njia Karatina, akaingia sokoni, akatoka na kikapu cha viazi kwenye boneti!

Kulmiye alicheka mpaka akakohoa. "Wallahi, viazi vile nilikula mimi! Lakini hayo makosa yote alikubali mwenyewe. Hili la Wang'uru tu ndilo anakataa. Kwa nini hili tu?"

Nikasema sijui. Nikaomba maji. Mwoga mkubwa.

Jumapili, 5 Machi

Dada yangu Kabura amekuja baada ya kanisa, na mfuko wa mchele. Ameolewa Wang'uru, ana shamba la mpunga huko. Magdaline alipotoka kwenda kukamua ng'ombe nikamwambia nataka kusema.

Alisimama. "Moffat, nyamaza. Useme, polisi waje watuchukue wanawake wote wa mtaa wetu? Huyo kijana alikuwa mbio!"

Alikuwa mbio, ndiyo. Ni mashindano ya mbio!

Niandike ilivyokuwa. Usiku ule mvua ilinyesha. Mpunga uliovunwa ulikuwa umelowa, umeanza kupata joto ndani ya magunia. Siku moja zaidi ungeota. Uwanja ulikuwa matope matupu. Pakavu palikuwa barabarani tu. Wanawake wakauanika kwenye lami kama wafanyavyo kila mavuno, na magari ya kawaida hupita polepole. Lakini siku ile mimi nilikuwa msimamizi wa njia. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha barabara ni tupu kabla magari ya mashindano hayajafika. Kabura akanishika koti. Na wengine nyuma yake.

Nikajiona nina akili. Nikapita katikati ya lami na bakora yangu nikionyesha: mpunga ubaki upande huu, magari yapite upande ule. Nusu kwa nusu. Kama kugawa ubao darasani! Sikumtuma mtu mbele kuwaonya madereva. Nilidhani wataona.

Magari ya kwanza yalipita salama. Kisha mkokoteni wa punda ukaingia kwenye ile nusu tupu. Mutahi akatokea kwenye kona. Alikuwa na punda mbele, na mpunga kando. Akachagua mpunga.

Mtu mwingine angemgonga yule mwenye mkokoteni. Hili sikuwahi kulifikiri mpaka leo.

Jumanne, 7 Machi

Wamekuja wote wawili, Mutahi na Wamae. Wamae ndiye msoma ramani wake, aliyekuwa kiti cha kando siku ile, ameinamia ramani asione barabara. Mguu wake ulikatwa chini ya goti. Ulibanwa na chuma ndani ya maji kwa muda mrefu, damu haikupita.

Wamae ameweka mikongojo ukutani, akauliza kama mwenyekiti bado anapumua au wachague mwingine. Anataka kurudi kwenye gari, na Mutahi huyo huyo! Nikamuuliza atawezaje.

"Mwalimu, wa kukanyaga ni huyu. Mimi kazi yangu ni kumpigia kelele. Mdomo haujakatwa."

Mutahi hakucheka. Amekonda. Alingoja Wamae atoke kwenda kumsalimia Magdaline, kisha akasogeza kiti.

"Mwalimu, wewe ulikuwa pale. Ulinishika mkono nikitoka mferejini. Niambie tu mimi. Mpunga ulikuwepo?"

Nilikuwa na neno mdomoni. Mungu anajua nilikuwa nalo.

"Sikuuona," nikasema.

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitarajia. "Basi ni mimi. Siku hizi nikifumba macho siuoni tena. Naona lami tupu." Atakwenda kwa mama yake Wamae kuomba msamaha. Na Jumamosi atawaambia kamati wasimpe gari, wasimpe tena maisha yake yote.

Nimemfundisha huyu kusoma. Sasa nimemfundisha kutoamini macho yake.

Ijumaa, 10 Machi

Kifua kibaya. Magdaline ananigeuza kama mtoto.

Najiambia: huenda ni heri. Kijana ana papara, ile ya Naro Moru ni kweli. Nikimrudishia gari, akaua mtu siku ya Pasaka? Nitakuwa kaburini, mtoto wa mtu atakuwa njiani. Hoja nzuri. Nimeishikilia tangu Desemba. Ajabu ni kwamba inanifaa mimi kila upande.

Nimemtuma Magdaline apeleke habari kwa Kabura: aje kesho. Nitasema, apende asipende.

Jumamosi, 11 Machi

Nimesema!

Wamejaa sebuleni. Mutahi alikuwa amesimama, ameanza kusema hastahili. Nikamkata. Nikasimulia yote: mvua, magunia, bakora, nusu kwa nusu. Nikasema hata Jumanne nilimdanganya. Sauti ilikuwa inakatika.

Mutahi alikaa chini sakafuni, akafunika uso, akalia kwa sauti. Kisha akaja akanishika mkono. Mkono ule ule.

Nilingoja matusi. Hapakuwa na matusi! Kulmiye akasema, wallahi, mzee aliye karibu na Mungu wake ndiye husema hivi. Wamae akapiga mkongojo sakafuni: "Mwalimu wa hesabu ameshindwa na nusu!" Watu wakacheka. Mtu mmoja akasema niliwahurumia akina mama, hiyo si dhambi, ni kosa la moyo mwema. Kabura alikuwa ameketi kwenye kona. Walikuwa wanainua mikono kumpigia Mutahi kura.

Ndipo Wamae akasema ngojeni kidogo, kuna jambo moja lilikuwa linamsumbua. Hakuliuliza kwa ubaya. Alikuwa bado anatabasamu.

"Mwalimu, tulipokuwa mle majini nilisikia miguu ya watu wanakuja mbio. Wengi. Wamefika karibu kabisa, nikaita. Halafu wakarudi. Ni nani aliwarudisha?"

Kabura akanitazama.

Nikasema nataka dawa yangu. Magdaline akaniegemeza mpaka chumbani, nikamtoa nje. Wanangoja. Mikono wameshusha. Mutahi anaita mlangoni, anauliza kama niko sawa, anasema nisijisumbue, nipumzike.

Ni mimi. Nilisimama barabarani nikawaita wanawake kwa majina, warudi. Niliona kofia ya Mutahi juu ya maji, niliona paa la gari. Nikawaambia wafagie mpunga kwanza.