Mama, Usiondoke kwa Ajili ya Pombe ya Kaburini

Dodoma, Agosti 1957

Kamwene, mama mkwe wangu mpenzi. Mguu wako unaendeleaje? Mahindi yote yameingia ghalani? Huku hospitalini mimi ni mzima, na mjukuu wako Elia sasa anatambaa na kula mchanga. Mwanao Yonasi naye ana nafuu, na ndiyo habari yenyewe.

Mwalimu anayekusomea namwomba asome polepole, na baba mkubwa awepo asikie.

Mama, najua watu wa ukoo wanasema sauti zinazomsumbua Yonasi umemletea wewe, kwa kuwa ulipobatizwa ulikataa kumwaga pombe kaburini kwa babu. Nimesikia hata unataka kuiacha nyumba yako urudi kwa ndugu zako. Basi Jumatatu nilijikaza nikamwuliza daktari Mzungu, dresa, msaidizi wake, akitutafsiria. Nilisema yote, na ya pombe pia.

Daktari hakucheka. Alichora kichwa cha mtu na ubongo ndani yake. Akasema katikati ya ubongo wa kila mtu mna nafasi zenye maji. Huko Ulaya waliowachunguza wagonjwa wa namna hii, wengine wameona nafasi hizo zimepanuka kuliko zetu, wengine hawakuona kitu. Bado wanatafuta. Lakini ni ugonjwa wa ubongo, hakuna aliyemtia.

Nikauliza, "Na pombe ya babu isipomwagwa, inafika huko kichwani?"

Dresa akanijibu mwenyewe hata kabla ya kutafsiri: "Dada, mimi ni Mbena. Kwetu tulimwaga debe zima, na kaka yangu anaumwa ugonjwa huu huu mpaka leo."

Mama, nililia palepale, Elia akinivuta pua.

Sikufichi: vidonge vinamlegeza, mikono inatetemeka, na daktari hakuahidi kwamba sauti hazitarudi. Ila juzi Yonasi alimpakata Elia akasema, "Masikio haya ni ya mama yangu." Alikuwa hajanena neno zuri tangu Pasaka. Mwezi ujao tunaruhusiwa kurudi Mufindi. Nilimwuliza Yonasi atakaa kwa nani, maana baba mkubwa anamtaka kwake. Akasema, "Kwa mama."

Sasa ukiondoka, nitamleta kwa nani?

Msalimie baba mkubwa kwa heshima zote. Wifi Sara mwambie alale kwako, hata ukimfukuza. Kitanda cha Yonasi kiwe karibu na moto, siku hizi anasikia baridi sana.

Ni mimi mkweo akupendaye,
Tumaini, mama Elia